Nimeiunguza kompyuta ya baba

Shoga, nimeiunguza. Kompyuta ya marehemu baba, nimeiunguza kwa mikono yangu mwenyewe!

Ilikuwa imechoka, haifungui tena barua alizomwandikia mama. Fundi akaniuzia memori na prosesa, vipuri vya kuipa nguvu, akanionya, "Funga memori kwanza, uijaribu. Prosesa mpya baadaye. Ukivifunga pamoja, mashine kongwe hiyo haitahimili."

Nikajitia mjuaji. Nikavifunga vyote.

Ikawaka, mama akapiga makofi. Mara paa! Moshi. Moshi, shoga! Nimempelekea fundi, anasema hata diski iliyohifadhi barua imekufa. Hakuna barua tena.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alivua miwani taratibu, akauliza, "Hata ile ya mwisho? Aliniambia niisome akishaondoka."

Bado amekaa mbele ya meza ya kompyuta.