Sikupiga Simu Nyumba ya Matanga

Mji wa Ibra, Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule huku kwetu. Joto limeanza mapema mwaka huu.

Chai nimeshaipasha moto mara mbili na sijaionja. Niliporudi Mama kaniuliza kulikoni, nikamwambia kichwa kinaniuma. Mwongo mkubwa mie. Nilikuwa naogopa, basi, na sikujua nianzie wapi kumwambia.

Nasomesha darasa la kwanza katika shule ndogo nje ya mji. Shule moja, vijiji vinne, kila kijiji na basi lake. Wengine wanatoka mbali, wakishuka wana vumbi hadi kwenye kope. Asipoonekana mtoto, kazi yangu ni kumtumia mama yake ujumbe kabla somo la kwanza halijesha. Ndivyo tulivyokubaliana na wazee.

Leo sikutuma.

Jana kijiji cha juu kafariki bibi mmoja, na huku kwetu akifa mtu, kijiji kizima wafiwa. Wanaume wanapokea watu, wanawake wamejaa ndani, gahawa na tende haziishi, na watoto hawaji shule mpaka matanga yaondoke. Basi lao asubuhi halikuja. Nikaviona viti vya watoto wa kule vitupu, na cha Shamsa, mwanafunzi wangu wa huko, kikiwa kimojawapo, nikasema Mungu awape subira, nikaendelea na herufi zangu. Nimpigie mtu aliyefiwa nimuulize mbona mwanao hakuja? Mama kanilea nijue kwamba nyumba ya msiba waenda na pole, huendi na maswali.

Somo la pili lilipokwisha, watoto wakatoka kula. Akanijia Moza wa darasa la nne, mkononi ana mkate uliofungwa kwenye karatasi. Bibi yake kampa mikate miwili, wake na wa Shamsa, na Shamsa hamuoni uwanjani. Akaniomba nimpe mimi.

Nikamuuliza Shamsa yupi. Nilijua ni yupi.

Kumbe mama yake Shamsa alipoona nyumba imejaa watu, jana jioni alimpeleka kwa bibi yake, kijiji cha bondeni, akalale na binamu yake Moza. Asubuhi wakaja pamoja na basi la huko. Moza kakaa mbele na wenziwe, mdogo kaenda nyuma, usingizi ukamchukua. Na yule dada anayepita kiti kwa kiti kabla basi halijafungwa, naye ni wa kijiji cha juu. Yuko matangani.

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya ukuta wa shule, mabasi yanapoegeshwa. Nakumbuka kiatu kimoja kilinitoka nikakiacha. Basi liko chini ya mkunazi, madirisha yote yamefungwa, na Ami Hamed, dereva wake, yuko kwa jirani anakunywa gahawa, ufunguo mfukoni. Nikamtuma Moza mbio akamwite. Mie nikabaki nagonga kioo. Kimya. Nikagonga tena, nasoma kila dua ninayoijua, nyingine nazichanganya katikati.

Kisha nikauona mkono mdogo umeshika mgongo wa kiti.

Alipotolewa alikuwa kalowa chapachapa, nywele zimemganda usoni, midomo imekauka. Hakulia. Aliniomba radhi kwa kuchelewa darasani.

Kituo cha afya wamesema hana neno, kivuli cha mkunazi kimemsaidia na joto la asubuhi halijawa kali. Baba yake akaja kumchukua. Ami Hamed tulimwacha kakaa kwenye ngazi ya basi lake, mtu mzima yule, kajifunika uso kwa kilemba. Walimu wakaniambia alhamdulillah, ajali haina kinga. Ajali gani? Simu ilikuwa mkobani mwangu, na kiti kitupu kilikuwa mbele ya macho yangu.

Kinachonitisha ni ule mkate. Moza angeuacha kwa bibi yake, au angemaliza wake akala na wa mwenziwe kama watoto wanavyofanya, mie ningekuwa nasomesha tu. Ningetoka shuleni, ningerudi nyumbani, ningekula wali nikalala.



Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikutuma ujumbe. Wanaona ni adabu. Ningeweza kunyamaza, na wallahi nilitaka kunyamaza. Lakini baada ya alasiri nikajifungia chumbani, nikampigia mama yake Shamsa. Nyuma yake nasikia wanawake wanasoma Kurani. Akaanza kunishukuru kwa kumwokoa mwanawe, nikamkatiza. Nikamwambia nilikiona kiti kitupu tangu asubuhi, nikaona haya kumsumbua na msiba wake.



"Ungepiga," akasema. "Hata kama tuko makaburini, mwalimu, ungepiga."

Hakugomba. Bora angegomba.

Nilipotoka chumbani Mama alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nikangoja aniambie habari za adabu. Aliniuliza tu kama mtoto amekula. Nikamwambia sijui, nikaanza kulia.

Kesho matanga yatakuwa hayajaondoka. Viti vya kijiji cha juu vitakuwa vitupu vilevile, na nitapiga simu nyumba kwa nyumba, anayetaka kunichukia na anichukie. Naogopa hata sasa, nikifikiria simu itakayolia bila kupokewa, nisijue mtoto wa nyumba hiyo yuko wapi.