Niliandika Kwamba Wanapendelea Bodaboda

Alhamisi, Korogwe. Mvua tangu asubuhi. Chai imepoa mezani.

Ninaogopa. Niseme tu.

Kazi yangu ni kutengeneza modeli za usafiri: kompyuta inapewa idadi ya magari na njia zake, kisha inakisia watu watachagua kusafiri kwa kitu gani. Kwa kijiji cha Sindeni ilionyesha kosta, yaani mabasi madogo, zinatosha, ila watu wanapanda bodaboda. Nikaandika kwenye ripoti: wakazi wanapendelea bodaboda, hakuna haja ya kuongeza magari.

Jana nilikwenda huko kupiga picha za kuipamba ripoti. Kituoni nikakuta dada mjamzito, uchungu umeshamshika, anapandishwa kwenye bodaboda huku mama mkwe akimshikilia kwa nyuma. Barabara ilikuwa tope tupu.

"Shikamoo, mama. Kwa nini msisubiri kosta?"

"Marahaba. Kosta gani, mwanangu? Ni hiyo moja, na imeondoka alfajiri. Mpaka kesho tena."

Moja.

Mimi nilihesabu leseni za magari yote ya njia ile. Sikuwahi kwenda kuangalia ni mangapi yanatembea.

Mimi na dereva tuliwachukua kwa gari la ofisi. Njia nzima hadi Handeni yule dada alining'ang'ania mkono, na kila gari lilipoteleza nilifumba macho. Mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya kufika hospitali. Wa kike, mzima. Mama mkwe alinishukuru mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Angejua nilichoandika!

Leo nimemweleza bosi wangu, Mzee Singano.

"Ripoti imeshafika halmashauri," alisema. "Unajua watakuonaje?"

"Najua, mzee."

Akanivutia kiti.

"Basi kesho utasimama mbele ya madiwani uwaambie mwenyewe. Nitakaa karibu yako, lakini sitakusemea."

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nani atampa kazi nyingine mtu aliyekosea kazi ya kwanza? Nimewaza hata kupiga simu niseme naumwa. Kweli nimewaza hivyo, na simu nilikuwa nimeishika.

Tangu mchana naandika maelezo na kuyafuta. Imebaki sentensi moja: Waheshimiwa, watu wa Sindeni hawakuchagua bodaboda, mimi ndiye niliyekosea.

Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Mara zote sauti imekatika katikati.

Kesho nitaisema, hata ikikatika.