Uzio wa Mashamba Mawili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku Babu kikohozi kimepungua, na vitunguu ulivyopanda vimeota.

Nguruwe pori wamerudi. Babu aliapa kwamba wakila mpunga mwaka huu tena, analiacha shamba, nami nije kwako mjini Nagoya kwenye kazi uliyonitafutia. Tukachagua uzio wa umeme, maana mabati wanayainua kwa pua. Ila tungezungushia shamba letu tu, wangehamia kwa jirani, Bibi Tokie, ambaye Babu hasemi naye tangu ule ugomvi wa maji.

Nilienda mwenyewe. Bibi Tokie alinikuta nimesimama mlangoni pake.

"Mjukuu wa yule mkaidi, umekuja kunikodolea macho?"

"Bibi, tuzungushie mashamba yote mawili pamoja."

Akacheka. "Kumbe nyumba ile ina mwenye akili!"

Babu alikubali shingo upande, na jana yeye na Bibi Tokie walisimamisha nguzo pamoja huku wakizozana. Babu alifunga waya wa chini usawa wa goti.

"Unazuia nguruwe au twiga?" Bibi Tokie akamwuliza. "Shusha ufike usawa wa pua ya nguruwe!"

Babu alinuna, akashusha. Leo asubuhi nyayo za nguruwe zimeishia nje ya waya.

Majani yakigusa waya, umeme hupungua nguvu, kwa hiyo lazima yafyekwe mpaka mavuno. Babu aliuliza nani atafyeka. Nilisema, "Mimi," nao wote wawili wakanisikia.

Kwa hiyo Mama, naomba ile kazi apewe mwingine. Usinikasirikie. Njoo wakati wa mavuno, utuone.

Mwanao,
Chizuru