Kisanduku cha Njano

Chumba cha Makadirio,
Ghorofa ya Nne.
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na zile zamu za usiku wodini wamekupunguzia? Huku sote wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ukimuuliza anasema ni vumbi.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani unawaambia nauza umeme. Siuzi. Tunakadiria kwa kompyuta jinsi nchi nzima itakavyowasha taa, itakavyosafiri na itakavyopika mpaka mwaka 2050, ambapo hewa ukaa tunayotoa haitakiwi kuzidi ile inayonyonywa na misitu. Ijumaa mpango unakwenda kwa waziri, na mimi natakiwa kutia sahihi kwamba hesabu ni za kweli.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilipokuja hapa kujifunza kazi, kulikuwa na kisanduku kitupu kwenye jedwali: familia ikishapata jiko la gesi, inaacha mkaa baada ya muda gani? Utafiti haukuwepo. Wiki hiyo Mama alikuwa ameniambia kwa simu kwamba lile jiko ulilomtumia limemsahaulisha mkaa kabisa. Nikaandika mwaka mmoja, nikakipaka kisanduku rangi ya njano. Ofisini kwetu njano ni ahadi: hiki nimekisia, nitakirudia. Baadaye tukahamia programu mpya, rangi zote zikafutika. Sikukirudia.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Jiko lako limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake imekaa chupa ya chai. Maharage yalikuwa uani, juu ya mkaa. Usimkasirikie. “Maharage yenyewe hayana haraka,” aliniambia, “mimi nikimbilie wapi?” Nilipomkumbusha maneno ya kwenye simu, akacheka. “Nilitaka uache kunihoji, mwanangu. Ungesema unaiandikia serikali, ningejipanga.”

Nikazunguka mtaa mzima nikiuliza. Nyumba kumi na tisa zina jiko la gesi. Iliyoacha mkaa ni moja, ya mwalimu mstaafu, naye hula kwa binti yake.

Niliporudi kazini nikaweka miaka kumi. Misitu ikapukutika kwenye kioo cha kompyuta, na ile sifuri yetu, yaani mwaka ambao tunachotoa kinalingana na kinachonyonywa, ikasogea mpaka nje ya ukurasa.

Mkuu wetu tunamwita Mzee Chati. Karibu kila ninachokijua amenifundisha yeye. Anastaafu mwezi ujao, na mpango huu ndio anaoagia. Nilimweleza, akanisikiliza huku akifuta miwani. “Binti yangu, nyumba ikishapigwa rangi, huulizi tofali la kwanza lilitoka wapi.” Nikamwambia tofali hilo niliweka mimi. Akasema hiyo ndiyo sababu ninyamaze, nami nikarudisha ule mwaka mmoja.

Tangu siku hiyo nalala na namba hiyo, naamka nayo. Nikitia sahihi, nimeidanganya nchi kwa kutumia jiko la mama yangu. Nikikataa, nimemvua nguo aliyenivika. Madirisha ya hapa hayafunguki, lakini kila nikisimama najikuta nayasukuma. Nyumbani siwezi kusema, maana Mama atajiona ndiye mkosaji. Ndiyo maana nimekutwisha wewe.

Leo mchana nimerudisha miaka kumi, nikakipaka kisanduku njano, nikachapisha nakala zote saba za mpango. Nimeziweka mezani kwake, na miwani yake aliyoiacha hapo nikaiweka juu. Amerudi kutoka kula sasa hivi. Ameketi, ananitazama kupitia kioo kinachotenganisha vyumba vyetu. Hajazigusa.

Msalimie sana Baba mdogo, na wale mapacha waambie picha zao nimezibandika juu ya meza yangu. Mama naye anakusalimu. Akikupigia simu, tafadhali usimtajie jiko. Mungu akulinde, akupe goti la kushuka ngazi bila kuzihesabu.

Naishia hapa, Mama mdogo. Amechukua miwani.

Mimi mwanao nikupendaye,
Bi Kwanini