Aliyekosa Aina Moja

Mpanda, Jumapili

Baba Vestina,

Tuko salama, ila kupikia kambi ya barabara kunanimaliza miguu. Jioni Wachina hucheza mahjong, vigae vyenye alama za aina tatu. Jana mgeni wao alikamilisha vyake, akashangilia. Wenzake wakakataa. Kwa sheria za jimbo alikotoka mgeni ameshinda, lakini meza hii ni ya watu wa jimbo la Sichuan, na kwao hushindi mpaka ukose kabisa aina moja.

Binti yetu wa nne ana miezi mitatu, na bado hujaja kumpa jina. Nasikia mama yako huko Litapunga anakutafutia mke wa kukuzalia wa kiume. Mwambie ipo meza ambayo mimi nimeshinda.

Mimi, niliyechoka,
Mama Vestina