Swichi ya Mama Sauda

Fundi wangu,

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike, na gereji bado iko wazi. Wateja wa hapa Onduparaka, Arua, wanakuja, wanakaa kwenye lile tairi lako, wananipa pole, halafu wananiuliza kama mwanamke ataweza umeme wa magari peke yake. Ungecheka. Nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu: lete gari, acha maneno.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa sababu ya pikapu ya Mama Sauda, na kwa sababu naogopa.

Unakumbuka siku tulipoifungia lile boksi la cheche? Ulilitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka, pamoja na koili yake nyekundu, ukasema litapata kazi. Mama Sauda alikuwa amefiwa na mume punde, anafanya biashara ya samaki wakavu na sukari kule Koboko, na petroli chafu ya jerikeni ilikuwa inachafua plagi zake kila wiki. Cheche ya kawaida ilishindwa. Ulinionyesha kazi taratibu, kidole chako chenye kovu kikifuata waya. Mbili nene zinakwenda moja kwa moja kwenye betri, maana boksi hili linakusanya umeme mwingi, kisha linaupiga kwenye koili kwa mamia ya volti, tena mara kadhaa mfululizo injini inapozunguka polepole. Mbili nyingine zinakwenda kwenye koili, na hapo kisiguse kitu kingine, hata taa ya kupimia. Nyingine inatoka kwenye distributa kuliambia boksi wakati wa kupiga. Na ile nyembamba inatoka kwenye ufunguo.

"Hii haibebi kitu," ulisema. "Hii inaamusha tu."

Kwa kuwa haibebi mzigo, swichi ndogo kabisa inatosha kuikata. Tukaikata, tukaficha swichi. Ikizimwa, stata itazunguka mpaka betri ife na cheche haitatoka. Kisha ukazungushia waya zote utepe mweusi, rangi zikapotea, ili mwizi akibahatisha aunguze boksi lenyewe. Mahali pa swichi tulipajua watatu: wewe, mimi na mwenye gari. Hiyo ilikuwa desturi yako, kwamba fundi lazima ajue, maana wenye magari husahau. Hata katika barua hii siandiki ilikuwa wapi.

Wiki mbili baada ya mazishi alikuja shemeji yake Mama Sauda, ndugu wa marehemu mume. Mtu mpole, viatu safi. Alisema pikapu ni mali ya ukoo, kwamba walikwenda kuichukua mbele ya nyumba mara mbili na ikakataa kuwaka. Akauliza swichi iko wapi. Nikamdanganya kuwa sijui. Wiki iliyopita akarudi, akakaa kwenye tairi lako, akanitazama nikifanya kazi mpaka mikono ikaanza kukosea. Akauliza tena. Kwa hasira nikamwambia akamwulize mwenye gari, yeye ndiye wa kusema. Hakukasirika. Aliinuka, akapangusa suruali, akasema atarudi Alhamisi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mzee naye alikataa," alisema.

Fundi, hukuniambia kwamba alikuja kwako. Sisi tuliambiwa ulipigiwa simu ukatazame gari lililokwama barabara ya Kuluba, na lori likakugonga likapita. Mfuko wako wa spana ulikutwa kando, haujafunguliwa. Hilo gari lililokwama hakuna aliyeliona. Mazishini niliyakubali yote hayo, nililia tu. Sasa naamini waliokuita ndio waliokuua. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema sentensi moja haiwezi kumfunga mtu. Polisi waliandika, wakaniambia nirudi na shahidi.

Jana nilikwenda Koboko kuihamisha swichi. Nilimweleza Mama Sauda kila kitu, mpaka lile neno la mlangoni. Aliinama akaangalia injini. Baba yake alikuwa askari, na yeye akiamua jambo huongea kama anatoa amri. Akasema nimfundishe. Nikamfundisha juu ya vipande vya waya mbovu: kukata, kumenya, kusokota, kuunga kwa risasi ya kuyeyusha, kufunika. Alirudia mara nne, akaungua kidole, hakulalamika. Nilimwonya asiguse kabisa zile za koili. Halafu akachukua swichi mkononi mwangu.

"Geuka, angalia barabara," alisema. "Kama wewe hapana jua, hawatakuua juu ya hiyo."

Nikageuka. Niliangalia bodaboda zinavyopita na jerikeni, nikasikia utepe ukichanwa, kisha mlango ukifunguliwa. Nilitamani kuchungulia, najua ungechungulia. Stata ikazunguka bila moto. Baadaye ikazunguka tena, injini ikawaka mara moja, safi, na Mama Sauda akaniambia sasa naweza kugeuka. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti kama mgeni yeyote.

Nisamehe, nimeivunja desturi yako. Kwa mara ya kwanza gari limetoka mikononi mwetu nami sijui waya imepita wapi. Nilirudi Arua nikiwa mwepesi, nikafika gereji, ndipo nikakumbuka kwamba jibu nitakalompa Alhamisi ni lile lile nililomdanganya nalo siku ya kwanza.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi sitafunga gereji, na sitafuata simu ya mtu yeyote barabarani. Atanikuta hapa mchana, mlango wazi, majirani wakiona. Nitamwambia ukweli, na hataniamini.

Mwanafunzi wako,
Adiru