Mumunye la Mbegu Limeitwa Uchawi

Berea, Johannesburg. Jumanne, Februari 2018

Asubuhi joto, alasiri mvua ya mawe, na sasa hewa imepoa vizuri mtu angeweza kulala. Mimi silali. Nimepika ugali nikautazama tu. Nina hasira.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anapita hapa kwenye blogu yangu: nafanya kazi kwenye shamba la majaribio la kampuni ya mbegu, huko Midrand. Mimi ni mshenga wa mamumunye. Jioni maua yanapofunguka, nachukua ua dume la aina moja, nalipakaza kwenye ua jike la aina nyingine, kisha nalifunga mfuko nyuki wasije wakaharibu ndoa.

Baba wa ndoa hii ni mumunye la kampuni. Refu, laini, zuri la kupigwa picha, ila ugonjwa wa ukungu, ule wa vumbi jeupe majanini, ukipita tu, limelala. Mama ni la kwetu Muheza, Tanzania. Mbegu alinipa shangazi yangu. Ni fupi, limepinda shingo, ngozi ina mabakamabaka, lakini maradhi halijui na huzaa bila kuchoka. Watoto wao chotara wamewapita wazazi wote wawili. Msimu uliopita mashina yalizaa hadi tukaongeza nguzo za kuyabeba, na kampuni nzima ikawa inajisifu.

Ila chotara ana lake. Ukipanda mbegu zake, wajukuu wanatoka kila mmoja na sura yake: mwingine mfupi, mwingine mchungu, mwingine hazai. Nguvu ile unaipata kwa kuwaozesha tena baba na mama, kila msimu. Kwa hiyo mama lazima atunzwe.

Mbegu za mama zilikuwa zimeanza kuchakaa, nikazipanda zote ili nipate mpya. Nyingi hazikuota; mashina machache yaliyotoka nikayaozesha yenyewe kwa yenyewe, yakafanikiwa mamumunye mawili tu. Nikayafunga kitambaa cha kanga shingoni, kama tunavyofanya nyumbani: mumunye lenye kitambaa ni la mbegu, halichumwi hadi likauke lenyewe. Hata mtoto wa kwetu anajua.

Midrand hawajui.

Leo tulikuwa na wageni. Nimefika nikakuta mashina matupu. Kumbe wenzangu walikuwa wananong'ona kwa siku kadhaa kwamba yule mama wa Tanzania anafunga muti shambani, yaani dawa za uchawi. Meneja akasikia, akaagiza yakatwe na kutupwa kabla wageni hawajayaona. Hakuna aliyeniuliza. Nipo hapo kila siku, nasalimiana nao, tunakula pamoja, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniuliza kile kitambaa ni cha nini!

Ni kweli, sikuweka lebo ya kampuni. Lakini lebo ingeandikwa nini? Kwenye ripoti zao aina ya shangazi haina hata jina, inaitwa namba. Angekuwa Mzungu amefunga utepe, wangeuita utafiti.

Nilimfuata meneja ofisini. Alikuwa anakunywa kahawa.

“Eish, sister, ni mamumunye mawili tu. Si tuna chotara wamejaa kule? Toa mbegu humo.”

Mtu anaendesha shamba la mbegu, halafu anasema hivyo! Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote. Akaangalia saa yake, akasema wageni wako getini.

Saa ya chakula nikampigia shangazi. Nilijipa moyo, nikijua hata kama huku pameharibika, kwake mbegu zimo, zinaning'inia jikoni kwenye moshi kama zamani. Nikamwomba anitumie kidogo kwa yeyote anayekuja huku.

Akacheka. “Mwanangu, mimi nilishaacha kuzipanda. Siku hizi nanunua za dukani, zinazaa sana. Nilisema potelea mbali, za kwetu si unazo wewe.”

Nikamwambia sawa, nikakata simu. Sikumwambia kwamba zangu zimetupwa. Nilishindwa.

Nikaenda kwenye lundo la takataka, nikachakura mbele ya wote. Wacheke, waogope, shauri yao. Nimeyapata yote mawili. Moja limechubuka, jingine zima. Nikayatia kwenye mfuko.

Getini Baba Espoir, mlinzi wetu wa Bukavu, akauliza, “Mama, iko nini mu hii saki?”

“Mboga za kwetu, Baba Espoir.”

Akafungua, akayaona, akafunga. “Pita, mama. Mvua inakuya.”

Yapo uvunguni mwa kitanda sasa, juu ya magazeti. Mumunye likiwa limekaribia kukomaa, mbegu zinaweza kuendelea kuiva humo ndani hata baada ya kukatwa, mradi lisioze. Zinaweza. Sina uhakika, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Kwa sheria za kampuni, leo nimeiba. Sawa, niwe mwizi. Kesho meneja akiuliza yalipo nitamjibu kwamba aliagiza yatupwe, yakatupwa.

Na zikiiva, za kwanza hazirudi Midrand. Nampelekea shangazi.